Reli za Uchina Nilizompa Mwenzangu

Mwenzangu aliponipigia simu kuniuliza kama bado naendelea na mada yangu ya reli za Uchina, nilikuwa jikoni napeta mchele. Sikuwa nimeigusa mada hiyo tangu mwanangu wa pili azaliwe, na mwanangu wa pili alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu.

"Chukua," nikamwambia. "Mimi siitumii tena."

Nilisema vile kama mtu anavyomkaribisha mpita njia kwenye sahani yake, akitegemea kuambiwa asante, nimeshiba. Yeye hakusema ameshiba. Alisema, "Asante, dada. Mungu akubariki. Mimi nilikuwa naogopa kukuuliza." Akakata simu kwa furaha, nami nikabaki na ungo mapajani, nikitazama pumba.

Tulikuwa tumelala chumba kimoja chuo kikuu, miaka yote mitatu. Yeye Msoga wa Jinja, mimi mtoto wa Mbale, baba yangu Mkenya aliyekuwa akiendesha malori kwenye barabara kuu hadi alipomwona mama yangu na kusahau njia ya kurudi. Kwetu tuliongea Kiswahili. Shuleni wenzangu waliniuliza kama baba ni mwanajeshi, maana majumbani mwao Kiswahili kilikuwa lugha ya watu waliogonga mlango kwa kitako cha bunduki. Yeye ndiye msichana wa kwanza kuniomba nimfundishe. Alijifunza haraka, ila r na l zilimshinda. Reli kwake ilikuwa leli. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye alinirushia mto.

Mada ile niliipata darasani. Mhadhiri wetu alikuwa anafundisha vita kuu ya kwanza, akagusia kwa maneno machache kwamba wakati vijana wa Ulaya wanafia kwenye mahandaki, mabalozi wa nchi zao walikuwa Beijing wakigombana kuhusu nani aikopeshe Uchina pesa za kujenga reli. Kisha akaendelea na mambo mengine. Mimi sikuendelea. Nilibaki pale Beijing. Nilikuwa nimekulia karibu na reli ya Mbale, ile iliyokuwa ikipitisha treni za mizigo mara chache, kisha mara chache zaidi, hadi nyasi zikaimeza na mbuzi wakawa wanafungwa kwenye vyuma vyake. Kila mwaka redio ilitangaza kwamba mkopo unakuja. Nilitaka kujua inakuwaje nchi moja inajengewa njia kwa pesa za wengine, na wale wengine wanazungumza nini wakiwa peke yao.

Nilianza shahada ya pili kwa mada hiyo. Nikaandika sura ya kwanza. Kisha mama yangu akapooza upande mmoja, nikarudi nyumbani kumuuguza, nikaolewa, nikaanza kufundisha historia sekondari, watoto wakaja. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Ningekuwa nimeamua, labda ningelia siku hiyo nikamaliza.

Yeye alikwenda njia nyingine. Aliolewa Jinja, akapata binti mmoja, mumewe akaugua figo na kufa. Baada ya matanga akaajiriwa kufundisha kwenye chuo kimoja huko, na chuo kikamwambia asome shahada ya udaktari katika historia. Watu walisema ana bahati kwa sababu ana muda. Nami nilisema hivyo, ingawa nilijua muda ule aliupata kwa kumzika mume.

Alikuja Mbale Jumamosi moja kuchukua karatasi zangu za utafiti. Nyumba yetu iko Nabuyonga, si mbali na barabara. Alifika na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, akamkumbatia mume wangu, akanikumbatia mimi, akauliza, "Ziko wapi?" Zilikuwa kwenye katoni chini ya kitanda cha wavulana. Panya walikuwa wamekula pembe za nakala kadhaa. Alizipangusa moja moja kwa kitambaa cha kichwa chake, kwa upole, kama anamsafisha mtoto pua. Nilitamani kumnyang'anya. Nilimletea chai.

Wakati wa chakula mume wangu alimuuliza anasomea nini hasa. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi kule Malukhu, mabati, misumari, saruji. Si mtu wa vitabu, lakini ni mtu wa maswali.

"Shemeji, wewe fikiria," mwenzangu akasema, akasukuma sahani pembeni. "Vita imepamba moto Ulaya. Mwingereza, Mfaransa na Mrusi wako upande mmoja, wanapigana na Mjerumani. Pesa yote inaenda kwa mizinga. Sasa Mchina anataka kujenga leli, na hana pesa."

"Wachina nao waliwahi kukopa?"

"Walikopa sana! Basi anakuja Mmarekani. Yeye hajaingia vita bado, pesa anazo. Kampuni yake inaandikiana mkataba na Mchina, nitakujengea leli huku na huku. Kuja kusikia, Mrusi anaandika barua. Njia ile ya kaskazini niliahidiwa mimi. Mwingereza naye anaandika. Ile nyingine ni yangu. Mfaransa anasema ya karibu na mpaka wangu msiguse."

"Walikuwa na pesa ya kujenga hizo njia?"

"Hata kidogo. Hawawezi kujenga, na hawataki mwingine ajenge."

Mume wangu akapiga meza kwa kiganja, akacheka hadi machozi. "Na Mjapani?"

"Mjapani alikuwa anauzia wenzake vifaa vya vita, mifuko imejaa. Anakopesha tu, na wenzake wanamwangalia jicho la pembeni." Akamalizia kama mtu anayejua anachofanya, "Walikuwa washirika vitani, wapinzani kwenye leli."

Sentensi hiyo ni yangu. Ndiyo iliyofungua sura yangu ya kwanza, niliiandika na kuifuta na kuiandika tena kwenye kitanda cha juu, yeye akiwa amelala kitanda cha chini.

"Mama watoto," mume wangu akanigeukia, macho bado yana maji ya kicheko. "Hadithi tamu namna hii, mbona hukuwahi kunihadithia?"

Nilikuwa nimemhadithia. Nilimhadithia tukiwa wachumba, tukitembea kandokando ya mto, jioni nzima, na nilipomaliza aliniuliza kama nimekula.

"Mwongeze shemeji yako mchuzi," nikasema.

Mwenzangu alipoondoka na katoni yake, mume wangu alimsindikiza hadi stendi. Mimi nilibaki kuosha vyombo, na kikombe kimoja kilipoteza mkono wake.

Toka hapo mwenzangu akawa ananipigia kuniuliza mambo. Benki gani ilikuwa na nani kabla ya vita. Ilikuwaje Waingereza na Wafaransa wawe kwenye mkataba mmoja wa mkopo na Wajerumani, na huku wanapigana nao. Nilimjibu. Lakini nilianza kusoma tena, kwenye chumba cha walimu, vitabu vya kuazima na makala za kwenye simu. Watu walidhani ninamsaidia rafiki. Nilikuwa nasoma ili asinipite. Akiuliza jambo nisilolijua nilisema, "Ngoja nikumbuke," halafu nikakimbilia kusoma, nikampigia kesho yake kwa sauti ya mtu aliyekuwa anajua siku zote.

Kisha chuo chake kikamwandalia mhadhara wa wazi. "Njoo, dada," akasema. "Bila wewe sitaweza kusimama."

Nilivaa gomesi yangu ya harusi za watu, nikaenda Jinja. Nitasema ukweli wa nilichokuwa nikifikiria njiani. Nilikuwa nangoja kuona kama atanitaja. Na nilikuwa na uhakika kwamba hatanitaja. Hadi tunafika Iganga nilikuwa nimeshaijenga lawama yangu nzima, ina msingi, kuta na madirisha. Nilijua nitakavyotoka ukumbini bila kuaga, nitakavyokataa kupokea simu, na nitakavyomweleza mume wangu.

Ukumbi ulijaa. Walikuwapo wanafunzi, walimu, padri mmoja, na wafanyabiashara wachache wa Kihindi wa mjini waliokuwa wameichangia maktaba ya chuo. Mwenzangu alisimama mbele kwa suti ya bluu niliyokuwa sijawahi kuiona. Alizungumza Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka. Kabla ya chochote alisema kwamba mada hii hakuizaa yeye. Akasema yuko dada yake ukumbini, mwalimu kutoka Mbale, aliyeifikiria kwanza na kumpa bila masharti. Akaniomba nisimame.

Nilisimama. Watu wakapiga makofi. Mzee wa Kisikh mwenye kilemba cheupe aliyekaa karibu nami alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kwa Kiswahili cha dukani, "Mama, wewe lazima nasikia furaha sana."

Nikaketi. Sikuwa na pa kushika. Nilikuwa nimetaka aniibie. Mtu akikuibia unapata haki ya kukasirika, unaweza kuitembeza hasira yako kwa majirani. Yeye alinishukuru mbele za watu, na hivyo akaichukua mada na akaichukua hasira.

Na mhadhara ulikuwa mzuri. Ningependa kuandika kwamba ulikuwa na makosa. Aliwafanya mabalozi wale wakawa watu, mmoja mwoga, mmoja mwenye maringo, mmoja anayeandika barua za heshima tupu huku anachimba shimo chini ya kiti cha mwenzake. Wanafunzi walikuwa wakicheka mahali pa kucheka. Mimi darasani kwangu, mada kama ile, wanafunzi wangekuwa wanatazama dirishani.

Wakati wa maswali yule mzee wa kilemba alisimama. Aliuliza kwa Kiingereza cha polepole, "Na Wachina wenyewe, walipokuwa wanagombaniwa hivyo, walikuwa wanasemaje?"

"Sijui bado," mwenzangu akajibu. "Barua nilizosoma zote ni za mabalozi wa kigeni. Za Wachina sijazisoma."

Swali lile mimi pia sikuwahi kuliuliza, miaka yote ile. Nikamwonea wivu hata mzee wa watu.

Ni kwa sababu ya swali hilo ndipo alipoomba nafasi ya kwenda Uchina. Alikuwa ameshaanza kujifunza Kichina kwenye darasa la jioni, ulimi uleule uliokuwa unasema leli. Akapata ufadhili wa mwaka mmoja, kusoma nyaraka za zamani kwenye maktaba ya huko. Aliniita Jinja kunieleza. Tulikaa kibarazani kwake akimenya machungwa, bila kula hata moja.

"Mama yangu ni mzee," akasema. "Upande wa marehemu hatuelewani, unajua. Huyu mtoto nitamwacha kwa nani?"

"Kwangu," nikasema.

"Usikimbilie. Ongea na shemeji kwanza."

"Kwangu," nikarudia.

Alilia, akanishika magoti. Nilimwinua. Nilimhurumia, hilo ni kweli kabisa. Lakini kulikuwa na jambo lingine chini ya huruma ile. Yeye alikuwa na kitu changu mkononi mwake, nami nilitaka niwe na kitu chake mkononi mwangu.

Mume wangu aliponiuliza mbona sikushauriana naye, nilimwambia, "Nilijua utakubali." Akasema, "Ningekubali, lakini ungeniuliza." Kesho yake akaleta kitanda kipya kutoka mjini.

Binti alikuwa darasa la sita, mrefu kuliko umri wake, ana shingo ya mama yake. Siku za kwanza alikuwa anaketi sebuleni na begi lake la shule mapajani, kama mtu anayengoja basi. Alijibu "ndiyo mama mkubwa" na "hapana mama mkubwa" na kula nusu ya alichopakuliwa. Wanangu wote wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja anafanya kazi Kampala, mwingine bweni. Nilikuwa nimezoea nyumba ya kelele za mpira na viatu vya matope. Sikujua la kufanya na ukimya wa msichana.

Kilichomfungua ni nywele. Jumapili moja nilimwambia akae chini nimsuke, na mikono yangu ilipoingia kichwani mwake alianza kuzungumza, na hakunyamaza tena. Alinieleza habari za walimu wake wa Jinja, za baba yake alivyokuwa anamwimbia akiwa hospitali, za mama yake anavyosema maneno ya Kichina bafuni. Nilisuka polepole. Nilipomaliza nilifumua mstari mmoja, nikasema umepinda.

Siku ya soko tulikuwa tunakwenda Nakaloke kununua karanga. Nilimfundisha kupika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, unayachemsha hadi yalainike, kisha unayapika kwenye rojo la karanga. Mara ya kwanza aliyakunjia pua. Baadaye akawa anakwangua sufuria.

Mama yake alikuwa anatuma picha. Theluji juu ya paa. Treni nyeupe ndefu yenye pua kama ya samaki, na maneno chini yake, "Dada, hii hata kelele haina." Bakuli la tambi. Na picha moja ya maktaba, meza ndefu zenye taa ndogo, na kiti chake kimesogezwa nyuma kidogo, kama cha mtu aliyeinuka kwenda kunywa chai na anajua atakikuta palepale. Theluji niliitazama mara moja. Kiti kile nilikikuza kwa vidole viwili hadi kikawa ukungu. Sijawahi kuwa na kiti kama hicho. Nasahihisha kazi za wanafunzi kwenye meza ya kulia, nikisogeza chumvi.

Mwanzoni walizungumza kila siku, mama na binti, kwa simu ya video, yeye kwao jua limeshazama na sisi bado mchana. Kisha ikawa siku nyingine binti anasema ana kazi ya shule, siku nyingine yuko nje anaruka kamba. Nilimwita. Nasema nilimwita kila mara, na ni kweli, ila sikumwita kwa sauti kubwa kila mara.

Jumamosi moja mume wangu alikuwa anaigiza mteja aliyekuja dukani kununua msumari mmoja. Binti alikuwa amejikunja kwa kicheko, kazi yake ilikuwa kuangalia karanga kwenye moto. Simu ikalia. Akaipokea akiwa bado anacheka, uso wa mama yake ukajaa kwenye kioo, na wakati huohuo moshi ukapanda.

"Mama!" akapiga kelele. "Karanga zinaungua!"

"Epua!" nikajibu kutoka uani.

"Karanga zipi?" akajibu mama yake kwenye simu.

Tulijibu pamoja. Binti alisimama katikati, simu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine, akaitazama simu, akanitazama mimi mlangoni. Mume wangu ndiye aliyeepua sufuria. Mwenzangu, kule kwenye kioo, alikuwa ametabasamu kwa mdomo tu.

"Salimia mama mkubwa," akasema. "Nitapiga kesho."

Hakupiga kesho. Alipiga siku iliyofuata, na alinipigia mimi, saa ambayo alijua binti yuko shuleni.

"Ameanza lini kukuita hivyo?"

"Kuniitaje?"

"Dada, unajua."

"Watoto wote wa nyumba hii wananiita hivyo."

"Yeye si mtoto wa nyumba hiyo."

Nilisikia anavuta pumzi. Nilisikia na sauti ya mlango, na watu wanaongea Kichina wakipita. Kisha akasema, "Samahani. Huku ni baridi sana, natoka maktaba nimechoka," nami nikamwambia si kitu, tunza kifua chako, vaa soksi mbili. Nilipokata simu nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha walimu, na kifuani mwangu kulikuwa na utamu, utamu wa kweli, kama wa mtu aliyekula peke yake jikoni kabla ya wageni. Mwenzangu wa miaka yote ile alikuwa ananionea wivu. Niliingia darasani na kufundisha vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha.

Utamu ule haukukaa. Binti aliliona jambo lenyewe kabla yetu. Shule ilipanga safari ya kwenda kuona maporomoko ya Sipi, nami nikasema hapana, barabara ya kule ina kona mbaya. Akamwambia mama yake kwamba mama mkubwa anataka aende, lakini anaogopa kumruhusu bila yeye. Kisha akaja kwangu na kusema mama ameshakubali, anangoja nikubali na mimi. Tulikubali sote wawili, kila mmoja akihofia kuwa yule mkali. Akaenda Sipi. Akarudi na kofia ya mtu.

Nilipomweleza mwenzangu jinsi tulivyochezewa, nilitegemea akasirike. Alicheka, akacheka hadi akakohoa. "Dada, hii ndiyo nasoma huku!" akasema. Akanieleza kwamba katika barua alizokuwa amezipitia, maofisa wa Uchina wanaonekana walijua vizuri sana kwamba wageni wale wanaoneana wivu. Mwingereza akisitasita, wanamdokezea kwamba Mmarekani amekaribia kukubali. Mmarekani akitaka makubwa, wanamtajia Mjapani. Hawakuwa na nguvu nyingi, ila hiyo moja walikuwa nayo. Tulizungumza hadi salio likaisha. Ndiyo mara pekee mwaka ule tuliyoongea kama zamani, yeye kitanda cha chini na mimi cha juu.

Aliporudi tulimpeleka binti Jinja kwa pikapu ya duka. Mwenzangu alikuwa amepaka rangi chumba cha mtoto, ametandika shuka mpya, na juu ya mto amemwekea mwanasesere mwenye nguo ya hariri. Mwanasesere alikuwa wa mtoto mdogo. Binti alikuwa amekua kiganja kizima, na kifua kilikuwa kimeanza kujitokeza.

Alishuka garini, akatembea hadi kibarazani, akapiga magoti kumwamkia mama yake kwa adabu zote, kama msichana aliyefundwa anavyomwamkia mgeni mzito. Nilimwona mwenzangu anavyolipokea lile goti. Alimwinua haraka, akamkumbatia kwa nguvu, na juu ya bega la mtoto macho yake yakanitafuta.

Mezani kulikuwa na wali na samaki. Binti alitazama mabakuli. "Malewa hakuna?" akauliza, si kwa ubaya.

Mwenzangu akanitazama. "Malewa yanapikwaje?"

Ningeweza kumweleza. Ilikuwa zamu yangu ya kuwa na kitu anachokihitaji. Lakini nilimwona ameshika mwiko wa wali mkononi, na mkono ule umekonda.

"Jinja malewa yatoke wapi?" nikamwambia binti. "Kula samaki wa mama yako. Amekaanga tangu asubuhi."

Akala. Tulipoaga alinishikilia shingoni akilia, na mwenzangu alibaki kibarazani, mikono amekumbatia kifua, hakusogea. Nilipanda gari haraka. Mume wangu hakuwasha redio hadi tulipoipita Iganga.

Udaktari wake aliumaliza. Kwenye ukurasa wa shukrani jina langu ni la kwanza, kabla ya mama yake mzazi. Baadaye alitaka tuandike makala moja pamoja, kuhusu mataifa yale yalivyomaliza vita na kuunda kundi moja la kukopesha ili asiwepo wa kwenda peke yake, na kundi lile mwishowe halikujenga karibu chochote. Nilikubali. Tulikaa kwake Jumamosi kadhaa tukibishana neno moja moja, nani aanze, nani amalizie. Makala bado iko nusu. Kila mmoja anasema inamngoja mwenzake.

Sijapona wivu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho siku hizi wanauliza maswali mazuri kuhusu mikopo na reli, kwa sababu wanasikia habari zake kila siku, mkopo huu umekuja, ule umekwama, na huwa nawaeleza ya Uchina ya zamani hadi kengele inalia. Lakini akitokea mmoja akasema amemsikia daktari fulani wa Jinja redioni akizungumzia jambo hilohilo, nawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Mwaka jana binti alimaliza darasa la saba, ikafika wakati wa kuchagua sekondari. Simu ikaja jioni, nikiwa naanua nguo.

"Ameandika Mbale," mwenzangu akasema. Hakunisalimu. "Chaguo la kwanza. Bweni, lakini Mbale."

"Shule nzuri ile," nikasema.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Sema kweli."

"Nimefurahi sana."

Akakata simu. Nilimaliza kuanua nguo, nikazikunja, nikamwambia mume wangu, naye akasema atamtafutia sanduku la bati imara. Siku mbili mwenzangu hakupokea simu zangu. Ya tatu alipiga mwenyewe asubuhi mapema, na sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Dada, hilo bweni lao wanataka godoro la upana gani?"

"Ngoja niende niwaulize," nikasema, nikavaa viatu.